Nilikula Tangi la Maji la Shule, na Firigisi Nikaomba Mwenyewe

Jamani, nimekosa! Niseme mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Nilikula tangi la maji la shule yetu. Sikuiba pesa zake, la. Nililila kwa mdomo huu, kwa ugali na mboga za kunde, na firigisi nikaiomba mwenyewe.

Najua unacheka. Cheka tu. Huku kwetu wamecheka hadi wakachoka, sasa wanapokezana.

Jina langu silitaji. La mwanamke mzee niliyemkosea nalo nitalificha, kwa sababu ukilijua lake umenijua na mimi. Tumwite Cucu, kama tunavyomwita kila nyanya huku Embu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Nauza vipuri vya magari mjini Embu, nimepanga nyumba mtaa wa Dallas, na wikendi mimi ni MC. Harusi, ruracio, yaani sherehe za mahari, mazishi ya wenye uwezo, zote nasimamia. Nina koti la rangi ya maziwa na viatu vilivyochongoka. Nikishika maikrofoni siiachi hadi betri iishe, na hata ikiisha naendelea kwa sauti ya kawaida. Mke wangu husema nilizaliwa nikishukuru kamati.

Nyumbani kwetu ni chini huko, upande wa Ishiara, ambako jua halina adabu. Shule niliyosomea iko palepale, na shida yake ni ileile niliyoiacha: maji. Kila mtoto anakuja asubuhi na mtungi. Hayo ndiyo maji ya kupikia, ya kunawa, ya vyoo. Wakubwa wanatumwa tena mtoni saa nne. Mjukuu wa Cucu, msichana wa gredi ya nane anayelelewa na nyanya yake, ni mmoja wa hao wa mtoni. Ana kichwa chepesi cha hesabu huyo mtoto, lakini somo lenyewe mara nyingi linampita akiwa njiani na mtungi mgongoni.

Sasa mwaka jana shule ikapata madarasa mapya yenye paa zuri la mabati. Mwalimu mkuu, Madam tunamwita, akaitisha wazazi akasema, "Paa tuko nalo. Mvua iko karibu. Tukipata gata za kukinga maji ya paa na tangi kabla ya mwezi wa kumi, hawa watoto hawaendi mto tena." Ikaamuliwa harambee. Na nani awe MC? Mtoto wa nyumbani aliyefika mjini! Mwenye koti!

Nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza.

Kama hujawahi kuhudhuria harambee ya kwetu, nikueleze. Bahasha ni salamu tu. Pesa zenyewe ziko kwenye mnada. Watu wanaleta walichonacho, ndengu, asali, malenge, mbuzi, kuku. MC anainua kitu juu, anataja jina la aliyekileta, na vita vinaanza. Anayenunua hachukui. Anarudisha kiuzwe tena. Nimewahi kuona malenge moja likiuzwa kutwa nzima hadi likachujuka rangi.

Na vita vikali kuliko vyote ni kati ya wana wa kijiji na wakwe, yaani wanaume waliooa mabinti wa hapo. Cucu hakujaliwa mtoto wa kiume, lakini mabinti wake wameolewa vizuri, wengine hadi Meru. Kiongozi wa wakwe zake ni mkulima wa ndizi wa Mitunguu, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko. Alikuwa amesema wazi, kanisani, kwamba jogoo wa mama mkwe wake hatabaki mikononi mwa wana wa kijiji. Wana wa kijiji wakasema tutaona. Pande zote mbili zikaanza kuchanga kimyakimya.

Kwa ufupi, tangi lilikuwa ndani ya yule jogoo. Kila mtu alijua, hata mbwa wa shule.

Na jogoo mwenyewe alikuwa wa kishingo, wale wasio na unyoya hata mmoja shingoni, shingo nyekundu kama aliyekaa sana kwenye jua la Ishiara. Mwili mweupe, miguu minene. Cucu alikuwa amemlisha mwaka mzima kwa siku hiyo.

Asubuhi ya harambee akamleta mwenyewe, amemkumbatia. Mimi nilikuwa napima vipaza sauti, "moja mbili, moja mbili," kazi ambayo kusema kweli mwenye vyombo alikuwa ameshaimaliza.

"MC," akasema, "hii jogoo yangu ndiyo hii."

"Asante sana Cucu. Weka hapo."

"Siweki. Sikia kwanza. Utasema jina yangu yote. Si ati Cucu, Cucu. Cucu ni wengi. Utasema jina yangu na ya baba yangu."

"Nitasema, Cucu."

"Kwa hiyo kitu." Akaelekeza kidole kwenye spika. "Siku ya harusi yangu hakukuwa na hiyo kitu. Na siku ya mazishi yangu watasema, lakini sitakuwa nasikia. Kwa hivyo ni leo."

Nikamwambia nitalisema hadi walisikie Meru. Akaniamini! Akanitemea mate ya baraka kifuani, kwenye koti, nami nikatabasamu huku moyoni nikihesabu gharama ya dobi.

Sasa ndipo unisikilize vizuri, uone mpumbavu anavyotengenezwa.

Nilikuwa nimejiambia kwamba harambee yangu haitakuwa ya kuku na malenge. Nilikuwa nimemwalika mgeni rasmi, tajiri mmoja wa mjini ninayemuuzia vipuri, na sikutaka akute ua limejaa vitu vya kulia kwekwekwe. Nikaagiza keki Embu. Keki ya ghorofa tatu, yenye krimu nyeupe na waridi za sukari! Hiyo ndiyo itakayouzwa kwanza, nikasema, wageni waone sisi pia tumestaarabika. Vitu vya wanakijiji nikavifungia stoo karibu na jikoni, jogoo, kuku pekee aliyeletwa siku hiyo, akiwa juu ya gunia la ndengu.

Saa tano simu ikalia. Mgeni rasmi.

"MC, niko njiani. Lakini mimi nyama ya mbuzi daktari alinikataza. Mguu unavimba. Kuna kuku?"

"Kuku tele, mheshimiwa!"

"Ya kienyeji lakini. Hiyo ya kizungu situmii."

"Kienyeji kabisa, mheshimiwa!"

Nikakimbia jikoni. Akina mama walikuwa na mbuzi, kunde, wali, chapati. Kuku? Hakuna. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja shuleni na kufunga nyumba. Nikatazama huku na huku. Macho yangu yakatua stoo.

Mama mpishi akayafuata macho yangu. "MC, usifikirie hiyo kitu unafikiria."

"Nitamlipa Cucu mara mbili."

"Lakini hiyo imeletwa ya mnada."

"Mama, mgeni rasmi atakuja na hundi! Sasa tutashindwa kupika jogoo moja kwa sababu ya mila? Chinja."

Nilisema hivyo. "Kwa sababu ya mila." Mimi, ambaye hiyo mila ndiyo inanipa kazi kila Jumamosi!

Mama mpishi akaniambia hashiki kisu. Basi nikavua koti, nikakishika mimi.

Jogoo akaiva vizuri, sikufichi. Na mgeni rasmi? Hakuja! Alipofika Embu akapata dharura, akamtuma msaidizi wake na bahasha nyembamba ambayo hata upepo ungeichukua. Huyo msaidizi akaketi meza kuu, akaletewa kuku, akala mapaja yote mawili bila kupumua. Mimi nikaketi karibu naye. Mama mpishi alipopita na bakuli nikamnong'oneza, "Firigisi iko wapi?" Akaniwekea kwenye sahani. Aliniangalia nikiila hadi mwisho, kama mtu anayetaka kuwa shahidi.

Tamu! Laiti ingekuwa chungu, labda ningezinduka.

Baadaye nikasimama kuuza keki. Ndugu msomaji, umewahi kuona krimu saa nane mchana Ishiara? Ghorofa ya juu ilikuwa imeteremka kuitembelea ya chini. Waridi zilikuwa zinatiririka mezani na nyuki wamekuja kuhudhuria. Nikatangaza, "Nani ataanza?" Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Hiyo inaliwa ama inapakwa?" Watu wakaangua kicheko. Msaidizi wa mgeni rasmi akatumia nafasi hiyo kuingia kwenye gari na kwenda.

Ndipo wakwe wakaanza. Mkwe wa Mitunguu akasimama na mkono mfukoni. "MC, tuletee jogoo!" Wana wa kijiji nao, "Jogoo! Jogoo!" Wanaume wazima walikuwa wakigonga viti. Cucu alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitambaa kipya kichwani, ameketi wima akisubiri jina lake.

Na mimi nikiwa na kipande cha jogoo katikati ya meno.

Ningesema ukweli saa hiyo yote yangekwisha. Wangenitoza mbuzi, wangenizomea, na mnada ungeendelea na ndengu. Lakini ulimi wa MC hauna breki. Nikasikia spika zikisema, "Mabibi na mabwana, jogoo ameshanunuliwa! Mgeni rasmi amempigia bei kwa simu, bei ambayo hapa hakuna wa kuifikia! Tumpigieni makofi Cucu wetu!"

Umesikia? Cucu wetu. Hata wakati wa kudanganya sikulitaja jina lake.

Makofi yakapigwa. Cucu akainuka, akacheza pale mbele kwa hatua ndogondogo, akina mama wakamfuata kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nacheza naye! Nilikuwa nimeshika maikrofoni kwa mkono mmoja na mkono wake kwa mwingine.

Lakini mkwe wa Mitunguu hakucheza. Alitoa mkono mfukoni, ukiwa mtupu. "Kama kuna tajiri amenunua bila kutupa nafasi," akasema, "basi tajiri ajenge." Wakwe wakainuka wote wakaenda. Wana wa kijiji, kwa kukosa wa kushindana naye, nao wakafunga mifuko. Mtu hapigani peke yake.

Kilichopatikana siku hiyo kilitosha gata. Tangi, tukasema, litanunuliwa na pesa za jogoo.

Wiki ikapita. Madam akanipigia. "MC, ile ahadi ya mgeni wako?" Nikasema iko njiani. Akapiga tena, nikasema yuko safarini. Akaomba namba yake, nikasema mtu mkubwa hapigiwi ovyo. Nikaanza kuogopa simu yangu mwenyewe. Dukani mteja akiitisha pedi za breki naruka, nadhani ni Madam.

Halafu mvua ikaja.

Nilikuwa nimeenda kumwona mama yangu, nikapitia shuleni kwa vile barabara ni hiyo. Ilikuwa mvua ya kweli, ile ambayo huku kwetu tunaiomba hadi magoti yanaota sugu. Gata zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa, mafundi walifanya kazi. Maji yote ya lile paa yalikuwa yanakimbia hadi kwenye bomba la kona, na bomba linayamwaga chini. Kwenye udongo! Yalikuwa yamechimba shimo, na kutoka kwenye shimo yanateremka yakiwa mekundu hadi barabarani, kisha korongoni. Walimu na watoto wametega sufuria, ndoo, beseni, hata kofia. Vikijaa, maji yanaendelea tu.

Msichana wa Cucu alikuwa amesimama pale na mtungi wake, tayari umejaa, hana pa kuumwaga ili ateke tena. Alikuwa anaangalia maji yakienda. Aliponiona akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo, MC."

Sikucheka siku hiyo. Niliketi ndani ya gari nikajisikia mchafu. Tangi lile lingejaa kwa mvua ya siku mbili. Nilikuwa nimelila nikalifuta na chapati.

Unadhani nilisema? Wapi! Nilipofika kwa mama nikamkuta Cucu amekuja kunywa chai, maana habari za mwana wa mjini hufika kabla yake.

"Mwana wakwa," akaniuliza, mwanangu, "jogoo yangu yuko aje huko kwa tajiri?"

"Yuko salama, Cucu."

"Anawika?"

"Anawika sana."

"Wanampa nini?"

"Mchele, Cucu."

"Ngai! Mchele!" Akageukia mama yangu, macho yanang'aa. "Umesikia? Jogoo yangu anakula kama watu wa ofisi."

Mama yangu mzazi akanitazama. Ananijua. Akaniongezea chai, na ile chai ikanishinda.

Mvua ikaisha, tangi hakuna, watoto wakarudi mtoni. Januari kamati ikaitisha harambee ya pili, na hapo wakanifunga kamba shingoni kwa heshima zote. Madam akasema, "Wakwe wameumia kwa sababu hawakupewa nafasi. Mila iko wazi, anayenunua anarudisha. MC amuombe mgeni rasmi arudishe jogoo, auzwe tena." Kikao chote kikapiga makofi. Nami nikapiga! Halafu nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naficha uso kwa mto: "Niachieni mimi."

Nilizunguka soko la Embu nikitafuta jogoo mweupe wa kishingo. Weupe walikuwepo. Wa kishingo walikuwepo, wekundu na weusi. Mweupe wa kishingo, hakuna. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Unataka wa kula ama wa kuoa?"

Basi nikanunua mweupe mwenye manyoya yake kamili, nikaenda naye Dallas, nikajifungia bafuni.

Ndiyo. Nilimnyonyoa shingo. Mwanamume mzima, baba wa watoto, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, namnyonyoa jogoo hai unyoya mmoja mmoja huku nikimwomba msamaha. Alipiga kelele hadi majirani wa juu wakagonga sakafu.

Mke wangu akaja mlangoni. "Baba Watoto, unafanya nini na kuku kwa bafu?"

"Namtayarisha."

"Ya supu?"

"Ya harambee."

"Unajua," akasema, "watu wengine waume zao wanalewa tu." Akaenda zake.

Kosa juu ya kosa! Nilimnyonyoa mapema mno. Hadi siku ya harambee ifike, shingo ilikuwa imeanza kuota. Si manyoya, ni vile vijiti vidogovidogo vinavyotangulia. Nikajaribu wembe. Usiniulize. Mwishowe nikamfunga kitambaa chekundu shingoni kama cha skauti, nikajiambia watu watadhani ni mapambo.

Walijaa siku hiyo! Wakwe wamerudi, wana wa kijiji wamekaa upande wao, mifuko imetuna. Nikamwinua jogoo juu, nikaanza, "Mabibi na mabwana, msafiri amerudi!" Wakashangilia. Mkwe wa Mitunguu akataja bei papo hapo. Wana wakapanda. Nikaona tangi linakuja, nalisikia linavyogota! Nikasema moyoni, Mungu wangu, niruhusu dakika kumi tu.

Cucu akainuka. "Nipe kwanza nimsalimu."

Nani angemkatalia? Akamchukua, akamkumbatia kama siku ile, akamwita kwa ule mlio anaowaita nao kuku wake. Jogoo akageuza kichwa upande mwingine. Akamwita tena. Jogoo akamdonoa.

Cucu akafungua kile kitambaa. Akaipapasa shingo kwa kidole gumba, taratibu.

"Hii imeota ndevu," akasema.

Jamani! Kicheko kilichotoka pale! Mkwe wa Mitunguu alikaa chini. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye kiti na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwinua. Mama mpishi alikuwa amejifunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Madam peke yake ndiye aliyenitazama, akanyoosha mkono kuelekea maikrofoni kana kwamba ananiambia, sema basi.

Nikasema. Yote, kupitia spika zangu mwenyewe: mgeni aliyekatazwa mbuzi, kisu, firigisi, bafu. Kila nilipodhani wametosheka na kicheko, sentensi iliyofuata iliwaangusha upya. Sijawahi kuchekesha umati namna ile maishani mwangu, na nimekuwa nikilipwa kwa kazi hiyo.

Cucu hakucheka. Alingoja nimalize, jogoo wa watu bado kifuani pake.

"Kama ulikuwa na njaa ungeniambia," akasema. "Ningekupikia mwingine. Kwa nyumba kulikuwa na kuku wengine." Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyekuwa amempa maikrofoni, lakini sisi wa mbele tulisikia. "Mimi nilicheza. Umeniacha nicheze mbele ya watu, na wewe umeshiba."

Mimi! Nilitaka kulia, na nikalia, pua ikatiririka kwenye lile koti. Nikainua maikrofoni nitaje jina lake lote na la baba yake, angalau hilo. Akaufunika mdomo wa maikrofoni kwa kiganja.

"Si wewe," akasema.

Mkwe wa Mitunguu akanyanyuka, akainyang'anya kutoka mkononi mwangu, akasimama kama mti wa muringa. Akalisema. Jina la Cucu, na jina la baba yake, mara ya kwanza polepole na mara ya pili kwa nguvu zake zote, hadi mwangwi ukarudi kutoka kilimani. Cucu akajibu, "Ni mimi!" Akajibu vilevile mara ya pili, kana kwamba watu hawakusikia.

Kisha akavua kiondo chake kitupu begani, akampa mkwewe. Waliuza kile kiondo hadi jua likaenda kando. Wana wakipanda, wakwe wanapanda juu yao. Tangi likapatikana kamili. Jogoo wangu wa ndevu hakuuzwa hata mara moja, hakuna aliyetaka mila yake ichafuliwe naye. Nilirudi naye Dallas. Yupo hadi leo, shingo imejaa manyoya, na ananichukia.

Tangi sasa liko pale kwenye kona, jeusi, kubwa. Lakini lilifika wakati wa kiangazi, na mvua ya kulijaza ilikuwa imeshakwenda korongoni. Nikipita namwona msichana wa Cucu na wenzake wakitoka mtoni na mitungi, wanalipita tangi jipya lililo tupu. Watoto wameligonga wakasikia linavyolia, wakalipa jina. Wanaliita Firigisi. Hapana, samahani, Firigisi ni mimi. Tangi wanaliita Jogoo.

U-MC wangu umekwisha pia. Bwana harusi mmoja aliniambia kwa upole kwamba familia inaogopa kuhusu kuku. Huko nyumbani kila boma ninaloingia, kabla sijaketi, inaletwa sahani ndogo yenye firigisi moja katikati. Familia nzima inakaa ikinitazama nikitafuna. Natafuna. Nikimaliza wanasema, "Karibu MC," ndipo salamu zinaanza. Nilimpelekea Cucu mbuzi wa faini, akamrudisha kwa mama yangu na ujumbe kwamba yeye hakuomba mbuzi.

Kwa hivyo wewe unayesoma, uliyechaguliwa kusimamia harambee ya shule mahali fulani, nisikilize. Keki iache mjini. Mgeni rasmi akikataa mbuzi, mpe kunde. Kilicholetwa na mtu kiinue juu jinsi kilivyo, hata kama kinapiga kelele, na umtaje aliyekileta kabla hujajitaja wewe. Na ukishakosa, sema siku hiyo hiyo, kabla shingo haijaota ndevu!

Hapo nilitaka kumalizia. Lakini jana nilimwambia mama yangu kwenye simu kwamba nimeliandikia gazeti ungamo hili, naye, kwa vile hana siri, akamwambia Cucu. Leo nimeambiwa Cucu anangoja. Hajui kusoma, ila amemwagiza mjukuu wake anunue gazeti likitoka, amsomee akiwa ameketi mlangoni, polepole, asiruke neno. Ameuliza jambo moja tu, kama jina lake limeandikwa, lote, na la baba yake.

Nami nimelificha, ili nisijulikane mimi.